Kuflashi kulanti ya lori la dizeli nyumbani: maji yanayobaki ndani ndo yanavuruga hesabu

Ukitaja tu kuflashi, yaani kuosha ndani ya sistimu ya kupoza injini, mbele ya wenye malori wanne unapata majibu manne. Wa kwanza atakwambia hamna kazi hapo, fungua koki ya chini ya rejeta, mwaga, jaza maji, safari. Wa pili anakukataza kabisa, eti flashi ndo inaleta kuvuja, gari lake lilikuwa zima mpaka siku lilipooshwa ndani. Wa tatu anauliza anunue rangi gani maana yake ilikuwa ya kijani na aliyoikuta dukani ni nyekundu. Wa nne ndo kiboko, anasema toa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, tupa huko, injini ipumue. Sasa wewe lori liko nje, spana umeshashika, unamsikiliza nani?

Tuanze na kulanti yenyewe. Ni vitu vitatu ndani ya chombo kimoja: maji, glaikoli na dawa za kuzuia kutu. Maji ndo yanabeba joto kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta, na kwa kazi hiyo glaikoli haiyafikii hata kidogo. Glaikoli inafanya mchanganyiko usigande kwenye baridi na usichemke mapema kwenye joto. Dawa zinalinda chuma, aluminiamu, shaba na risasi ya kulehemu visiliwe. Sasa sikia, glaikoli inakaa muda mrefu bila kuchoka, zinazokwisha ni dawa, na dawa zikiisha hamna kinachobadilika kwa macho, kwa hiyo unaweza kufungua mfuniko ukakuta kitu kinang'aa, rangi safi kabisa, na kumbe kimebaki maji matamu yasiyolinda chochote.

Alafu kuna presha. Maji matupu usawa wa bahari yanachemka nyuzi 100 za Selsiasi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka kama 107 hivi. Ukiufunga na mfuniko wa psi 15, yaani karibu baa 1, unafika karibu 129 kabla haujachemka. Ndo maana mfuniko wenye mpira uliochoka unaweza kukuchemshia lori ambalo halina tatizo lingine lolote, watu wanabadilisha wata pampu, wanabadilisha rejeta, kumbe ni kifuniko. Na ndo maana pia haufunguliwi ukiwa wa moto: ndani kuna kimiminika kilichozidi nyuzi 100 kinachozuiwa na presha tu, ukiiachia kinageuka mvuke papo hapo na kinaruka usoni. Subiri mpaka hosi ya juu uishike na kuiminya bila kuona joto wala ugumu. Hata kama una haraka.

Kumwaga ni kumwaga, kuflashi ni kuflashi

Hapa ndo watu wengi wanapishana bila kujua kwamba wanaongelea vitu viwili. Kumwaga na kujaza ni kufungua koki, kutoa kinachotoka, na kuweka kipya. Kuflashi ni kupitisha maji safi kwenye sistimu nzima, rejeta, bloku (mwili wa injini), hita, mara kadhaa mpaka kinachotoka kiwe kama kilichoingia. Na kuna kuflashi kwa dawa, unatia kemikali ya kuyeyusha kutu au mafuta, unaiacha izunguke, unaisuuza. Kama kulanti yako haijachafuka na unarudishia aina ileile, kumwaga na kujaza kunatosha kabisa wala usijitese. Flashi inatakiwa pale kulanti imekuwa ya kahawia, au unahama aina, au hujui nani aliweka nini huko ndani.

Kwa nini dizeli izungumziwe peke yake? Kwa sababu ya slivu, ile mirija ya chuma ambayo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake. Injini nyingi za malori makubwa zina slivu zinazoguswa na maji moja kwa moja kwa nje. Mlipuko wa dizeli ni mkali, pistoni inagonga ukuta wa slivu, slivu inatetemeka kwa kasi, na upande wa maji vinatokea viputo vidogo mno vya mvuke vinavyopasuka palepale kwenye chuma. Kila kikipasuka kinachomoa chembe. Hiyo chembe huwezi kuiona, lakini inarudiwa kila injini inavyozunguka, miezi na miaka, na ukija kuichomoa slivu unakuta upande mmoja una vishimo vimejipanga wima, vingine kama vimechomwa na sindano, na kimoja kikishapenya hadi ndani basi maji yako kwenye silinda au kwenye oili. Hii haihusiani na kutu ya kawaida. Inazuiwa na dawa maalumu ndani ya kulanti, kwenye nyingi ni nitraiti, zinazotandaza utando mwembamba juu ya chuma ili kiputo kiupasue utando badala ya slivu, na utando unajijenga tena.

Kwa hiyo kulanti ya gari dogo la petroli ukiitia kwenye lori la slivu za maji, lori litatembea, halitachemsha, geji itakaa pazuri, na slivu zitakuwa zinaliwa taratibu. Ila usikimbilie kununua yenye nitraiti pia, maana wapo watengenezaji wanaotaka isiyo nayo kabisa na dawa za aina nyingine zifanye kazi hiyo, na injini nyingi za dizeli za pikapu hazina hizo slivu kabisa. Kitabu cha gari kitakwambia kulanti ya kiwango gani, na namba ya kiwango hicho unaitafuta nyuma ya dumu. Kwa zile zinazotumia nitraiti kuna vikaratasi vya kuchovya vinavyobadilika rangi kukuonyesha dawa imebaki kiasi gani, na ukipungukiwa unaongeza dawa peke yake bila kumwaga kitu.

Rangi achana nayo

Rangi ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. Hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni ya zamani na nyekundu ni ya dizeli, kila kiwanda kinachagua chake, unaweza kukuta nyekundu mbili zisizo na undugu na kijani na zambarau zilizo sawa ndani. Kinachozitofautisha ni dawa. Zile za mtindo wa zamani zinatumia silikati na wenzake, zinalinda haraka na zinakwisha haraka, kawaida kama miaka 2. Za asidi za kikaboni zinalinda polepole na zinadumu, za magari madogo mara nyingi miaka 5, na za malori makubwa zipo zinazotembea mamia ya maelfu ya kilomita ilimradi unapima. Na kuna machotara katikati.

Ukizichanganya inakuwaje? Mara nyingi haitokei sinema yoyote siku hiyo, na ndo maana watu wanabisha kwamba hamna shida. Shida ni kwamba ile ya kudumu inaacha kudumu, umelipia ya miaka 5 unapata ya miaka 2 na hujui. Baadhi ya michanganyiko inatoa utelezi na tope linaloenda kuziba vinjia vyembamba, na dizeli za kisasa zina vinjia vyembamba vingi: oili kula (kipoza oili), kipoza moshi unaorudishwa kwenye injini, hita. Injini ya Ford Power Stroke ya lita 6.0, ya miaka ya 2003 hadi 2007, ilipata jina baya sehemu kubwa kwa hilo: oili kula yake ilikuwa inazibwa na mabaki ya mchanga wa kusubia bloku pamoja na uchafu wa kulanti, kipoza moshi kilichoko mbele yake kinakosa maji, kinapasuka, na gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, inafuata. Wenye hizo injini ndo wanaflashi kwa bidii kuliko watu wote na huwezi kuwalaumu.

Sasa maji. Birika linalochemshiwa maji ya bomba kila siku lina ganda jeupe chini, na kadiri ganda linavyonenepa ndivyo maji yanavyochelewa kuchemka kwa sababu joto la moto haliyafikii. Ndani ya injini ni ganda lilelile ila joto linaelekea upande wa pili: silinda inataka kutoa joto, ganda linalizuia, chuma kinaungua huku maji yenyewe hayajawa ya moto kiasi hicho. Kwa hiyo maji ya bomba ni ya kusuuzia tu. Yanayobaki ndani mwishoni yawe yaliyokenekwa, yale maji ya betri yasiyo na madini. Maji, siyo asidi ya betri, soma chupa maana zinakaa rafu moja.

Kazi yenyewe

Kabla ya kufungua chochote angalia nje. Rejeta ya lori iko nyuma ya intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) na nyuma ya kipoza hewa ya kabini, na katikati hapo wadudu, majani na vumbi lenye oili vinajaza mapezi mpaka hewa haipiti. Piga tochi upande mmoja uchungulie mwingine. Malori kibao yanayodaiwa kuhitaji flashi yanahitaji kuoshwa hapo tu, kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa feni kwenda mbele, usije ukalaza mapezi.

Kisha angalia kwenye tanki la akiba. Kuna utando wa mafuta? Kuna kitu kizito kama krimu? Hapo usiflashi kwanza, tafuta oili inapoingilia, mara nyingi ni oili kula au gasketi, maana ukiosha leo wiki ijayo imerudi na umepoteza dawa yote. Viputo vinavyotoka mfululizo injini ikiwashwa navyo si vya kuoshwa, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji.

Kama hayo hayapo, injini ikiwa baridi kabisa, weka kidhibiti cha hita kwenye joto la mwisho, maana kwenye magari mengi kuna vali pale na ikiwa imefungwa kulanti ya zamani inakaa kwenye hita inakusubiri. Weka beseni la kutosha chini. Pikapu yenye injini kubwa ya dizeli inabeba kama lita 20 hadi 30, lori la mizigo 40 na zaidi, kwa hiyo beseni la kumwagia oili litajaa kabla hujageuka. Fungua koki, fungua mfuniko, acha itoke. Ikitoka kwa kudondoka tu ujue tope limekaa kwenye koki, lichokonoe taratibu na waya laini.

Kinachotoka hapo usikiache. Glaikoli aina ya ethilini ina utamu, mbwa na paka wanailamba, na mtoto pia anaweza, na kiasi kidogo tu kinaua kwa kuharibu figo. Iingie kwenye dumu lenye mfuniko, iandikwe, ipelekwe kwenye gereji au sehemu inayopokea vimiminika vya magari. Mfereji hapana, shimo la nyuma ya nyumba hapana. Na dumu lisiwe la maji ya kunywa, tafadhali.

Sasa njoo kwenye kile ambacho wa kwanza, yule wa mwaga jaza safari, hakijui. Koki ya rejeta haitoi vyote. Bloku ina mifuko iliyo chini ya usawa wa hosi, na hita ina yake, na kilichoko humo kinabaki. Tuseme sistimu yako ni ya lita 28 na umepima beseni umekuta zimetoka 18. Zimebaki 10. Ukijaza maji, ukawasha mpaka themostati ifunguke yazunguke, ukazima, ukasubiri ipoe, ukamwaga tena, umeondoa sehemu ileile. Kwa hiyo baada ya mzunguko wa kwanza kulanti ya zamani ni kama asilimia 36, wa pili 13, wa tatu chini ya 5. Ndo maana flashi ya mzunguko mmoja ni nusu flashi, na ndo maana mitatu minne inatosha, anayezungusha mara kumi anachosha stata tu.

Kama unaona kuwasha na kusubiri kupoa kunakula siku nzima, toa themostati wakati wa kusuuza ili maji yazunguke bila kungoja joto, kisha uirudishe na gasketi yake mpya. Wengine wanachomoa hosi na kusukuma maji kinyumenyume kwa mpira wa bomba, na inafanya kazi vizuri kwenye rejeta iliyoziba, ila hita ni nyembamba, ukiifungulia bomba lote unaipasua na maji yanaenda kwenye zulia la kabini. Na kitu kimoja kisiguswe: maji baridi ndani ya injini ya moto. Hedi inapasuka, basi.

Dawa za kuflashia tumia kama kuna sababu. Kutu na ganda vinayeyushwa na asidi nyepesi, kama asidi ya sitriki. Mafuta na utelezi vinatolewa na sabuni ya alkali isiyo na povu jingi. Zote mbili kwa pamoja zinauana, kwa hiyo anza na mafuta, suuza, ndo uende kwenye kutu, na asidi isikae kuliko chupa inavyosema maana haichagui kati ya kutu na aluminiamu. Baada ya asidi suuza kuliko unavyodhani, itakayobaki itakula dawa za kulanti mpya kabla hujatoka getini.

Kujaza ndo kunakochengua watu

Umesuuza, mzunguko wa mwisho umetumia maji yaliyokenekwa, umemwaga, zimetoka 18 kama kawaida. Ndani kuna lita 10 za maji safi. Ukichukua kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu ukatia lita 18, glaikoli uliyoweka ni lita 9 ndani ya 28. Hiyo ni asilimia 32. Umenunua nusu kwa nusu, umeweka nusu kwa nusu, unatembea na theluthi, na dawa za kulinda slivu nazo ni theluthi badala ya nusu. Hapa ndo flashi iliyofanywa kwa moyo wote inaliacha lori na ulinzi hafifu.

Hesabu sahihi inaanzia kwenye ujazo wa sistimu nzima. Nusu ya 28 ni 14, kwa hiyo tia lita 14 za kulanti isiyochanganywa kwanza, kisha ongeza lita 4 za maji yaliyokenekwa, imejaa. Kama lori lako linatoa lita 12 tu kati ya 28, hata ukijaza zote kulanti kali hufiki nusu, unaishia 43, na hapo lazima ufungue plagi za kumwagia maji za bloku. Plagi hizo mara nyingi ziko kiunoni mwa bloku, nyuma ya vitu, zimeshika kutu, na ukizilazimisha zinakatika, kwa hiyo zipake mafuta ya kulegeza kutu jana yake.

Pima mwisho kwa refraktomita, kile kifaa cha kuchungulia kinachoonyesha nguvu ya mchanganyiko, tone moja linatosha. Nusu kwa nusu ya glaikoli aina ya ethilini inasoma karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Utasema unakoendesha hakuna baridi hiyo, sawa, lakini kipimo hicho ndo njia rahisi ya kujua kiasi cha glaikoli, na dawa zinasafiri nayo, na kuchemka kunategemea hiyo hiyo. Wala usivuke asilimia 60 ukidhani zaidi ni bora. Glaikoli tupu inabeba joto vibaya, na cha kushangaza inaganda mapema kuliko mchanganyiko, karibu nyuzi 13 chini ya sifuri.

Hewa sasa. Jaza polepole, fungua skrubu za kutolea hewa kama zipo mpaka itoke kulanti bila mapovu, minya hosi ya juu, washa ikiwa hita iko kwenye joto la mwisho. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni ya moto, kuna hewa imekwama. Usiridhike na geji, kwa sababu kihisi cha joto kikikaa kwenye hewa badala ya maji kinasoma chini, geji inakaa pazuri na hedi inaungua.

Na yule wa themostati? Inafunguka kwenye nyuzi 82 hadi 90 kwa injini nyingi, na dizeli inalitaka hilo joto. Ikifanya kazi baridi mafuta ya dizeli hayaungui yote, yanashuka ukutani mwa silinda yanaosha oili, tope linajaa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye injini nyingi kubwa ni mbaya zaidi, themostati ikifunguka inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, ukiitoa njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Umetoa ili lipoe, linachemsha zaidi.

Wa pili, yule anayesema flashi inaleta kuvuja, ana haki yake kidogo. Kutu kweli huwa imeziba kijitundu, ukiiosha kinavuja. Ila tundu lilikuwepo, na mimi bora livuje nyumbani kuliko katikati ya mlima na mzigo mgongoni. Unga wa kuziba uvujaji usiutie baada ya kazi yote hii, hauchagui tundu la kuziba, na hita ndo ya kwanza kulipa.

Endesha siku mbili tatu, kisha asubuhi likiwa baridi angalia usawa kwenye tanki. Kushuka mara moja ni kawaida, hewa ya mwisho imetoka, ongeza mchanganyiko uleule. Likishuka tena na tena, chini pakavu, zulia la kabini kavu, na oili haijawa na rangi ya maziwa, omba kipimo cha gesi ya silinda, kile kimiminika cha bluu kinachobadilika rangi kikinusa moshi juu ya mdomo wa tanki. Kikibadilika, kilichobaki ni kazi ya gasketi ya hedi.